Kusafisha Sauti, Je, ni Kusema Uongo?



Wapendwa vijana wenzangu, leo naomba tutafakari jambo ambalo sisi tulio kwenye kwaya tunalikuta kila mara albamu mpya inapoanza kuzungumzwa na michango inapoanza kukusanywa. Kwaya inakwenda studio, inaimba, inarudi nyumbani. Baada ya wiki kadhaa wimbo unatoka, na sauti inayosikika ni safi kuliko ile iliyoimbwa. Aliyeshuka nusu noti amepandishwa. Aliyewahi kuingia amerudishwa pale walipo wenzake. Kikohozi cha besi hakipo tena. Sasa swali: huo wimbo ni wa kwaya ile kweli? Na yule aliyekaa mbele ya kompyuta usiku kucha akiurekebisha, amefanya kazi ya halali au ametengeneza uongo mtamu?

Nauliza kwa sababu kazi hiyo ndiyo ninayoifanya. Namiksi nyimbo, nyingi zikiwa za kwaya zetu za Kikatoliki, na mtu anayelipwa kwa jambo fulani ni vizuri ajiulize mara moja moja linampeleka wapi.

Kwanza tuelewane kumiksi ni nini, maana wengi wanadhani ni kuongeza madoido. Studio nyingi za kwetu ni chumba kimoja kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani. Kwaya ya watu thelathini haiingii humo. Kwa hiyo waimbaji huingia kwa mafungu: sauti ya kwanza watatu watatu kwenye maiki moja, wakitoka wanaingia wa sauti ya pili, halafu ya tatu, na besi mwisho. Kinanda, ngoma, gitaa la besi na kayamba vinakuwa vimerekodiwa siku nyingine. Mwisho wa yote unabaki na treki arobaini au hamsini, kila moja kwenye mstari wake kwenye kompyuta, na ukizifungua zote kwa pamoja unasikia Kariakoo siku ya mkesha wa Krismasi. Kumiksi ni kuzikalisha hizo treki pamoja mpaka msikilizaji asikie neno linaloimbwa.

Sasa hapa ndipo pana somo. Sikio la binadamu, likiwa zima na changa, husikia kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde hadi kama 20,000, yaani hezi 20 hadi 20,000. Sauti mbili zikikutana eneo moja, yenye nguvu inaifunika dhaifu. Haiiui, inaifunika tu. Na eneo lenye msongamano kuliko yote ni kati ya hezi 200 na 400. Hapo wanakutana wanaume, wanawake wa sauti ya pili, mkono wa kushoto wa mpiga kinanda, tumbo la ngoma, na mwangwi wa kile chumba kidogo. Ndiyo maana rekodi nyingi zinasikika kama watu wanaimba wamejifunika blanketi.

Anayeanza kazi hii akiona sauti ya tatu haisikiki, anaipandisha. Ikipanda, kinanda hakisikiki, anakipandisha. Ngoma nayo inazama, anaipandisha. Wanakwenda hivyo wote mpaka taa nyekundu inawaka. Kwenye kurekodi kwa kompyuta kuna dari, inaitwa desibeli sifuri, na kinachojaribu kupita pale kinakatwa kichwa, unasikia mkwaruzo. Dawa yake ni kupunguza. Unakwenda kwenye kinanda, unakata kidogo pale kwenye 300, na ghafla sauti ya tatu inajitokeza bila kuguswa. Unakwenda kwenye sauti za wanawake, unaondoa kila kilicho chini ya hezi 80 au 100, kwa sababu huko chini hamna mwanamke anayeimba. Kuna feni, kuna nyayo, kuna jenereta la jirani. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuondoa. Yohane Mbatizaji alipotakiwa kuona wivu kwa kuwa watu wanamhama kumwendea Yesu, alilijua jambo hili la kupungua ili mwingine aonekane (Yn 3:30). Wapiga kinanda mtanisamehe, lakini huwa namkumbuka sana Yohane nikiwa kwenye treki zenu.

Tena wengi wanadhani uwiano ni kuweka wote sawasawa. Hapana. Mwaka 1933 watafiti wawili Wamarekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba sikio halisikii mitetemo yote kwa nguvu ileile. Tunasikia kirahisi zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi, na kwa sauti nzito tunahitaji nguvu kubwa zaidi ndipo tuhisi kuwa zinalingana na nyingine. Ukiweka kayamba na gitaa la besi kwenye kipimo kimoja, kayamba itakutoboa masikio na besi hutaijua kama ipo. Kwa hiyo kayamba inashushwa na besi inapewa nguvu nyingi, na hapo ndipo vinakuwa sawa. Mtakatifu Paulo alipowaandikia Wakorinto juu ya mwili na viungo (1Kor 12), aliona kuwa viungo vinavyodhaniwa dhaifu ndivyo vinavyopewa heshima zaidi. Nadhani angekuwa mtu mzuri sana wa studio.

Mpaka hapo hakuna uongo. Hakuna atakayekwenda kuungama kwa sababu aliondoa sauti ya feni. Matatizo yanaanza mbele kidogo.

Mwaka 1997 ilitoka programu inayoitwa Auto-Tune. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa mhandisi aliyefanya kazi ya kuchambua mitetemo ya ardhini ili kutafuta mafuta, na hesabu za namna hiyo ndizo alizozigeuza kusoma sauti ya mwimbaji na kuivuta ikae kwenye noti. Leo kijana yeyote mwenye laptopu ana kitu kama hicho. Unaweza kuipandisha noti iliyoshuka. Unaweza kuchukua kiitikio walichokiimba vizuri mara ya kwanza ukakibandika mara ya pili na ya tatu. Unaweza kumfuta mtu asisikike kabisa, na picha yake ikabaki kwenye video akichezesha midomo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2482, inamfuata Mtakatifu Augustino katika kueleza uongo ni nini, na ukisoma utaona mambo mawili yanakwenda pamoja: kusema kisicho kweli, na kusudi la kudanganya. Hilo la pili tusilisahau. Siyo kila kilichorekebishwa ni uongo. Padre akivaa kanzu iliyopigwa pasi hajatudanganya kwamba kanzu hazikunjamani. Bibi arusi akisukwa haghushi kichwa. Anayenunua albamu anajua kwamba watu walijiandaa, walirudia, wakachagua palipo pazuri. Hakuna aliyemwapia kuwa waliimba kwa pumzi moja. Tena albamu siyo Misa. Roma ilishasema tangu mwaka 1958, katika agizo juu ya muziki mtakatifu, kwamba mashine za kucheza sauti zilizorekodiwa zisichukue nafasi ya waimbaji ndani ya liturujia. Altareni mtu aimbe mwenyewe, hata kama ana mafua. Kwenye albamu kuna uhuru zaidi, na mimi naona uhuru huo ni halali. Noti ya dada aliyechoka baada ya kurudia mara kumi na nne, nikiivuta kidogo irudi pale alipokusudia kuipeleka, nimemsaidia aseme alichotaka kusema.

Ila kuna siku uhuru huo uliletwa mezani kwangu kwa sura nyingine.

Kwaya moja, sitaitaja, ilirekodi nyimbo kumi. Sauti yao ya pili ilikuwa dhaifu. Kulikuwa na akina mama watano, na mmoja wao alikuwepo tangu kwaya inaanzishwa, kigango chenyewe kikiwa bado kinasali chini ya mwembe. Sauti yake sasa inatetemeka, na mwisho wa mstari inashuka. Mzee mmoja wa uongozi akaja na mabinti wawili waliozoea kuimbia kwaya nyingi kwa malipo. Wanaimba vizuri kweli, sikatai.

"Kijana," akaniambia, "sauti ya pili yote futa. Hawa wataimba upya leo leo, saa mbili tu wamemaliza."

"Shikamoo mzee. Nipe siku tatu, nitawasafisha akina mama watakaa vizuri."

"Marahaba. Sitaki kusafisha, nataka kubadilisha. Tunamtolea Mungu kilicho bora, mwanangu. Unajua yaliyompata Kaini kwa kuleta ilimradi."

"Na akina mama watajua?"

"Watajuaje? Kwaya ni kwaya. Nani anaijua sauti yake katikati ya watu thelathini?"

Nimelitafakari swali hilo kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, maana lina nguvu. Ukiwa kwaya unatakiwa ufe kidogo. Anayetaka asikike yeye, huyo mwalimu wa kwaya anamkemea, na anafanya vizuri. Uzuri wa kwaya ni pale ambapo huwezi kunyoosha kidole ukasema ile ndiyo sauti ya fulani. Basi kama Mama yule ni mnyenyekevu kweli, na kama anaimba kwa ajili ya Mungu, si ajali basi hata akiondolewa? Mungu si alishamsikia siku ile mle chumbani?

Naona hapana, na sababu yangu ya kwanza imetoka kwenye kazi yenyewe. Chukua sauti ya mtu mmoja, inakili mara kumi, ziweke zote mahali pamoja. Hupati kwaya ya watu kumi. Unapata mtu yuleyule akiwa na kelele zaidi. Sauti ya kwaya inatokana na tofauti ndogondogo: huyu amechelewa nukta, yule amepanda kiasi cha unywele, mwingine anatetemeka, na sikio letu likizipokea tofauti hizo kwa pamoja ndipo linaposema hapa pana watu. Ukiwanyoosha wote mpaka wakae juu ya mstari mmoja bila kupishana, wanaanza kusikika kama kinanda kilichowekwa kwenye sauti ya kwaya. Sote tunaijua sauti ile, na hatumpi Misa ya shukrani. Kwa hiyo mtetemo wa Mama yule, ukiwa mahali pake, ni sehemu ya kinachowafanya wale watu waitwe kwaya. Hauonekani, kama chumvi haionekani.

Sababu ya pili ni ya kimaadili, na hapo ndipo nilipokaa zaidi. Unyenyekevu mtu anauchagua. Nikiinama, nimejinyenyekeza, nikisukumwa nikaanguka bila kujua nani kanisukuma, hapo sijajinyenyekeza, nimeangushwa tu. Mama yule angeombwa, "Mama, tunaomba mara hii tuwape nafasi mabinti," akakubali, angekuwa ametoa zawadi kubwa. Kufutwa bila kuambiwa, huku akiitwa aje kwenye video na kitenge cha sare alichokilipia mwenyewe, hapo kuna mtu amemchukulia kitu. Na angalia lile la Katekisimu: kisicho kweli kipo, kwa sababu wanaoimba siyo wanaoonekana, kusudi la kudanganya nalo lipo, kwa sababu mpango wote ulitegemea wao wasijue. Ndiyo maana nilipouliza kama watajua, jibu halikuwa ndiyo.

Nikamwambia mzee: mabinti waimbe, lakini niwachanganye na akina mama, na kwenye kava tuandike majina yao kwamba wamesaidia. Hakupenda. Alisema kwaya itaonekana haijitoshelezi. Aliomba nimwekee mafaili kwenye flashi, nikamwekea, akaenda kumalizia kwa mwingine. Albamu ilitoka, na lazima niseme inasikika vizuri. Hela ile niliihitaji pia, tusifichane. Wauminii wa pale waliinunua kwa wingi ili kuchangia kigango, wakiamini wananunua sauti za mama zao.

Msinielewe vibaya: mzee yule simuoni kama mtu mbaya. Alikuwa ameshikwa na kitu ambacho hata watakatifu kimewatesa. Augustino katika kitabu cha kumi cha Maungamo anaeleza jinsi anavyovutwa na uimbaji wa kanisani, na jinsi inavyomtokea akaguswa na sauti kuliko maneno yanayoimbwa, na kwamba ikiwa hivyo anajiona amekosa. Hakufikia kusema nyimbo ziondolewe. Alibaki katikati, akiyumba, na mimi hubaki naye hapo kila siku ya kazi. Uzuri unasaidia kusali. Uzuri pia unaweza kuanza kutaka usaliwe wenyewe.

Uone kwa mfano mashindano ya kelele. Kila kwaya inataka wimbo wake uwe mkubwa kuliko wa jirani ukichezwa baada yake. Prodyuza anabana sauti mpaka hakuna tena pa kupumua. Pale waimbaji walipoimba taratibu kwa heshima panakuwa na nguvu sawa na pale walipopaza. Halafu wimbo unapelekwa YouTube au Spotify, na mitandao hiyo inapima na kuushusha ulingane na nyingine. Kwenye Spotify kipimo cha kawaida ni kama desibeli 14 chini ya dari. Aliyebana anashushwa, na anabaki na wimbo uliobanwa usio na nguvu, wakati yule aliyeacha nafasi anasikika akiwa na uhai. Someni Luka 14, pale kwenye wageni waliokimbilia viti vya mbele arusini, halafu mniambie.

Wengine wananiuliza, sasa mpaka uko wapi, noti ngapi zinaruhusiwa kurekebishwa? Sina hesabu hiyo, na nikiwapa hesabu nitakuwa nimewadanganya. Ninachojiuliza mimi ni kama naweza kumwita mwimbaji akae kwenye kiti changu, nimfungulie treki yake, nimwonyeshe kila nilichogusa, na nisitamani kuficha kioo. Kazi nyingi nilizofanya zinapita hapo bila taabu. Watu wanacheka hata: "Kumbe hapa nilishuka hivi! Asante mwanangu." Ile ya mzee isingepita, maana ilihitaji mlango ufungwe. Na kipimo hiki kinanibana mpaka kwenye vitu vidogo. Kuna siku nimetaka kumshusha mwimbaji kwa sababu tu alinisumbua studio, anajibu ovyo, anachelewa. Mkono umefika kwenye kitufe, na hakuna mtu duniani angejua.

Jambo hilo linatuhusu hata sisi tusiomiksi kitu. Mwandishi wa taarifa ya jumuiya anachagua maneno ya nani yaingie. Anayepanga picha za matendo ya huruma anachagua sura ya nani ikatwe pembeni. Kwenye kikao cha vijana mwenyekiti anampa nafasi anayeongea vizuri, na yule mwenye kigugumizi anaambiwa muda umekwisha. Kila mmoja hapo ana kitufe mkononi, na sababu yake huwa ni nzuri: tunataka kitu kitoke safi.

Swali gumu zaidi lilinijia kutoka upande ambao sikuutarajia. Kwaresima moja baba mmoja wa sauti ya tatu, mwalimu mstaafu, alikuja peke yake jioni, baada ya wenzake kuondoka. Akaomba asikilize. Akakaa, akavaa hedifoni, akasikiliza wimbo mzima ameinamisha kichwa.

"Mwanangu," akasema, "niondoe mimi. Nawaharibia vijana."

Yeye ndiye aliyeomba, kwa hiari yake, na alikuwa anajua. Kwa kila nilichokwisha sema hapo juu, nilikuwa na ruhusa kamili. Sikumjibu kwa maneno. Niliufungua wimbo bila yeye, akasikiliza ubeti mmoja. Nikaurudisha akiwemo. Akaomba tena bila yeye, halafu tena akiwemo. Wimbo ulikuwa mdogo, waimbaji wanane tu, na alipotoka yeye sauti ya tatu ilibaki kama meza yenye miguu mitatu: inasimama, lakini unaiona.

Alivua hedifoni, akazishika mkononi muda mrefu kidogo.

"Basi nishushe," akasema. "Usinitoe."

Nikamshusha desibeli mbili.